Maswali yenu kuhusu MRI ya kujilipia

Katika toleo lililopita nilitaja kwa mstari mmoja tu kwamba kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio, ambacho zamani mtu alikifuata kwenye hospitali kubwa chache, sasa kinapatikana pia katika vituo vya binafsi vya mijini kwa mwenye uwezo wa kulipa. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua saba, nimezifupisha pale zilipokuwa ndefu, na majina ya waandishi nimeyaondoa kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nina miaka 44. Kwa wiki tatu sasa kiuno kinaniuma na maumivu yanashuka hadi paja la kushoto. Shemeji yangu ananiambia nisipoteze muda kwenye foleni, nije Dar es Salaam nikajilipie MRI kwenye kituo cha binafsi ili nijue moja. Akiba niliyonayo inatosha kipimo hicho tu. Nije? — Mwalimu, Morogoro

Marahaba, mwalimu. Ningekuomba akiba hiyo uiache ilipo kwa wiki chache zaidi, na nitaeleza sababu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa swali lako ndilo lililojirudia zaidi katika barua nilizopokea.

MRI hujibu swali lililoulizwa. Mtaalamu anayekulaza kwenye mashine hapigi picha za mgongo wako kama mpiga picha wa harusi anayebonyeza kila anapoona watu wamesimama. Anachagua sehemu, pembe na aina ya picha kwa kufuata alichoandika daktari kwenye fomu. Fomu ikiwa na maneno mawili tu, "maumivu ya kiuno", utapigwa picha za kawaida za kiuno na utapewa majibu ya kawaida. Fomu ikieleza kwamba maumivu yana miezi miwili, yanashuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba, kidole hicho hakinyanyuki vizuri, na mgonjwa aliwahi kutibiwa kifua kikuu, hapo mtaalamu hupanga picha nyingine, na daktari bingwa wa radiolojia anayezisoma anajua atazame wapi mara mbili. Karatasi hiyo haitoki mahali pengine isipokuwa kwa daktari aliyekuvua viatu, akagonga magoti yako kwa kinyundo na kukunyanyua mguu ukiwa umelala chali. Ukija moja kwa moja kutoka stendi ya Magufuli hadi kituo cha MRI, hatua hiyo umeiruka, nayo ni rahisi sana kuliko ile unayotaka kulipia.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wengi. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Miongoni mwa waliokuwa na umri wa miaka 40 hivi, asilimia 68 walikuwa na diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, zilizoanza kuchakaa, na nusu yao walikuwa na diski zilizobonyea nje ya mahali pake. Miongoni mwa wenye miaka 80 hivi, waliokuwa na diski zilizochakaa walikuwa asilimia 96. Hao ni watu waliokuwa wakilima, wakicheza na wajukuu na kulala usingizi wao bila shida. Kwa hiyo nikikupiga picha leo, mwalimu, kuna uwezekano mkubwa nikaona diski iliyobonyea, nikaiandika kama ninavyotakiwa, na wewe ukarudi Morogoro ukiamini kwamba mgongo wako umeharibika, ilhali huenda diski hiyo ilikuwa hivyo hivyo miaka mitano iliyopita ulipokuwa ukicheza mpira na wanafunzi. Nimewaona watu walioacha kazi kwa sababu ya sentensi moja ya ripoti ambayo haikuhusiana na maumivu yao.

Maumivu mengi ya kiuno ya aina yako hupungua ndani ya wiki sita kwa dawa za kutuliza, kuendelea kutembea badala ya kulala kitandani, na mazoezi anayoyaelekeza mtaalamu wa fiziotherapia. Ndiyo maana miongozo mingi ya tiba inashauri kusubiri muda huo kabla ya kupiga picha, isipokuwa dalili za hatari zikiwapo.

Dalili hizo zishike vizuri, maana mwenye nazo hasubiri wiki sita wala siku sita. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukakataa kutoka. Ukipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli. Au mguu ukianza kuishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kipimo kikipatikana haraka kwenye kituo cha binafsi, hapo pesa imepata kazi yake. Vivyo hivyo kwa maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo bado tunakiona sana katika nchi zetu na MRI hukionyesha mapema kuliko eksirei. Aliyewahi kuugua saratani, au aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, naye asisubiri.

Daktari, kijana wangu ni dereva wa bodaboda. Alivunjika paja mwaka 2021 akawekewa chuma ndani. Sasa goti la mguu huo huo limelegea na daktari wa mifupa ameagiza MRI. Jirani anasema mashine ile ina sumaku ya kuvuta gari, itakichomoa chuma kwenye mfupa. — Mama mtu mzima, Mwanza

Mama, chuma hakitachomoka. Vyuma vinavyowekwa ndani ya mfupa hutengenezwa kwa titani au kwa chuma cha pua cha kitabibu, ambavyo sumaku haivivuti kwa nguvu ya kutisha, na baada ya miaka yote hii mfupa umekwisha kukishika. Shida yake ni nyingine: chuma huharibu picha iliyo karibu nacho. Badala ya kuona nyama na kano, tunaona shimo jeusi lenye kingo zilizopinda, kama picha iliyomwagikiwa maji. Chuma kikiwa kimeishia katikati ya paja, goti litaonekana vizuri. Kikiwa kimeshuka hadi karibu na goti, huenda picha isitusaidie. Basi mwende na eksirei ya mguu huo, hata kama ni ya zamani, na mkitaje chuma hicho tangu mnapopiga simu kuomba nafasi. Kituo chenye mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kwa kawaida kitamfaa kuliko chenye tesla 3, kwa kuwa sumaku ikizidi nguvu ndivyo uharibifu wa picha karibu na chuma unavyozidi.

Jirani hakukosea kuhusu ukubwa wa sumaku. Tesla 1.5 ni takriban mara 30,000 ya nguvu ya usumaku wa dunia unaogeuza sindano ya dira. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sumaku hiyo haizimwi wagonjwa wanapoondoka. Inavuta usiku wa manane, siku ya sikukuu, na hata mashine ikiwa haipigi picha. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 aliyekuwa amelazwa ndani ya mashine alifariki baada ya mtungi wa oksijeni wa chuma kuingizwa chumbani na kuvutwa hadi kumgonga kichwani. Ndiyo sababu mhudumu atamuuliza kijana wako maswali yale yale mara mbili au tatu, mara kwenye fomu, mara kwa mdomo, mara tena mlangoni, na asimwone msumbufu.

Vinavyotutia hofu ni vile vilivyo ndani ya mwili ambavyo vinaweza kusogea, kupata joto au kuacha kufanya kazi: betri ya moyo, klipu iliyobana mshipa wa damu kwenye ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, risasi au kipande cha bomu. Baadhi ya betri za moyo za siku hizi zinaruhusiwa kwa masharti, ila lazima kadi ya kifaa ionekane na daktari wa moyo ashirikishwe. Kitanzi cha uzazi wa mpango na kijiti cha mkononi havizuii kipimo, ingawa vitajwe. Na kama kijana huyo aliwahi kufanya kazi ya kuchomelea au kukata vyuma kwa grainda bila miwani, aseme, kwa sababu cheche ndogo iliyobaki ndani ya jicho inaweza kusogea na kulijeruhi. Atapigwa kwanza eksirei ya macho.

Vya nje ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Mbali na simu, saa, funguo na kadi ya benki, tumewahi kukuta pini za ushungi, klipu ndani ya wigi, nyuzi za metali kwenye nywele za kusukia, na hirizi yenye kasha la bati iliyofungwa kiunoni ambayo mwenyewe aliona haya kuitaja. Anayevaa hirizi asione haya. Amwambie mhudumu faraghani, ataivua na kumpa ndugu aliyemsindikiza.

Mimi nikiingia kwenye lifti tu moyo unanienda mbio. Nimepangiwa MRI ya kichwa wiki ijayo na silali. Naomba unieleze kila kitakachotokea, usinifiche. — Msomaji wa kike, Tanga

Dada, sitakuficha. Utafika nusu saa kabla ya muda wako, utajaza fomu ya usalama niliyoieleza hapo juu, utavua nguo zenye zipu na vishikizo vya chuma na kupewa gauni. Utapimwa uzito. Kama ni MRI ya kichwa bila dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani, unaweza kula na kunywa kama kawaida, na kwa mtu mwenye wasiwasi tumbo tupu halisaidii. Nenda msalani kabla ya kuingia hata kama hujabanwa.

Chumba ni cha baridi, omba blanketi. Kabla kipimo hakijaanza utasikia sauti ndogo ya chwi-chwi, chwi-chwi, kama ndege aliyefungiwa ndani ya ukuta. Hiyo ni pampu inayosaidia kuipoza sumaku, ambayo nyaya zake zimezamishwa katika heliamu ya kimiminika yenye ubaridi wa takriban nyuzi 269 chini ya sifuri. Utalazwa chali kwenye kitanda chembamba, utawekewa vizibo vya masikio na juu yake vipokea sauti, kisha kichwa kitaingizwa kwenye kifaa kama kofia ngumu ya mwendesha pikipiki, yenye nafasi wazi mbele ya macho. Hicho ndicho kinachopokea mawimbi ya redio kutoka kwenye mwili wako. Mashine yenyewe haitumii mionzi kama ya eksirei au CT, ile eksirei ya kompyuta. Sumaku huzipanga chembe za hidrojeni zilizo katika maji ya mwili, mawimbi ya redio huzivuruga kidogo, na zinaporudi mahali pake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha.

Kisha kitanda kitaingia ndani ya bomba. Upana wake ni sentimita 60 katika mashine nyingi za zamani na 70 katika nyingi za sasa. Liko wazi pande zote mbili, lina taa, na mara nyingi lina feni. Juu ya kofia huwa kuna kioo kidogo kilichoinamishwa ili uone miguu yako na dirisha la chumba cha mtaalamu. Uliza kama kipo kabla hujalala, kwa sababu kuona mtu amekaa nyuma ya dirisha hubadilisha mambo mengi. Mkononi utapewa mpira mdogo. Ukiubinya, kengele inalia kwetu, kipimo kinasimama na tunakuja. Ubinye mara moja kabla hatujaondoka chumbani, usikie wewe mwenyewe kwamba unafanya kazi.

Kelele ndiyo inayowashtua watu kuliko ufinyu. Umeme unawashwa na kukatwa kwa kasi katika koili zilizolizunguka bomba, nazo zinatetemeka kama kiwambo cha spika, hivyo utasikia kugongwa kama mafundi bati wanaezeka nyumba ya jirani, mara mlio mrefu wa king'ora, mara kimya, halafu mafundi wanarudi. Kila mkupuo wa picha huchukua dakika mbili hadi sita, na kipimo kizima cha kichwa dakika 20 hadi 40. Kati ya mkupuo na mkupuo unaweza kumeza mate na kuongea nasi, lakini kichwa usikisogeze. Mkupuo unapoendelea, kikohozi kimoja huharibu picha za dakika nne, nasi hulazimika kuanza upya, na hicho ndicho chanzo kikubwa cha vipimo kurefuka.

Ushauri wangu kwa wenye hofu kama yako ni kufumba macho kabla kitanda hakijaanza kusogea na kuyafumbua baada ya kutoka. Aliyeingia akiwa amefumba hana picha ya ukuta kichwani. Kitambaa kidogo juu ya macho kinasaidia. Wengine huhesabu, wengine husoma dua. Mzee mmoja aliniambia alikariri majina ya vituo vyote vya treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, akafika Tabora kipimo kikaisha. Ndugu yako anaweza kuingia nawe na kukushika mguu iwapo naye amepita kwenye maswali ya usalama. Kama unajua kabisa kwamba hutaweza, mwambie daktari aliyekuandikia kipimo sasa, si siku yenyewe, akupe kidonge cha kutuliza. Ukikinywa, uje na mtu wa kukurudisha nyumbani na usiendeshe chombo chochote siku hiyo. Zipo pia mashine za wazi pembeni, lakini nyingi zina sumaku dhaifu na kwa kichwa ningezifanya chaguo la mwisho.

Na ikikusaidia kujua, Peter Mansfield, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 pamoja na Mmarekani Paul Lauterbur kwa kazi iliyozaa kipimo hiki, mwaka 1978 alijilaza mwenyewe ndani ya mashine yake ya kwanza ya kupima mwili mzima, wakati ambapo wenzake hawakuwa na hakika kwamba moyo wake ungestahimili. Wewe unaingia mahali walipopita mamilioni ya watu.

Nimepigia simu vituo viwili hapa Mombasa kuhusu MRI ya shingo na kiuno. Bei zimepishana karibu nusu kwa nusu. Nani ananidanganya? — Msomaji, Likoni

Huenda hakuna anayekudanganya; huenda wamekutajia vitu tofauti. Shingo ni kipimo kimoja na kiuno ni kingine, na kituo kimoja kinaweza kuwa kimekutajia bei ya sehemu moja tu. Ukipiga simu tena, wasomee fomu ya daktari neno kwa neno, halafu uulize kama bei hiyo imejumuisha ripoti ya daktari bingwa wa radiolojia, CD ya picha, na dawa ya mshipani iwapo itahitajika, maana dawa hiyo mara nyingi hutozwa kando na bei yake si ndogo. Uliza pia nguvu ya sumaku. Mashine ya tesla 0.3 si mbovu, na kwa baadhi ya viungo inatosha, lakini huchukua muda mrefu zaidi na picha zake hazina ukali wa tesla 1.5. Kinyume chake, usikubali kulipa zaidi kwa ajili ya tesla 3 ya kiuno kwa sababu tu namba ni kubwa.

Swali ambalo watu husahau ni hili: nikishindwa kumaliza kipimo kwa hofu au kwa maumivu, pesa yangu inakuwaje? Vituo vina taratibu tofauti, na ni afadhali uijue ya kwao kabla ya kulipa. Ukitumia bima, usitosheke na maneno kwamba "bima inakubalika hapa". MRI ni miongoni mwa vipimo ambavyo bima nyingi hutaka kibali chake kitolewe kabla, na kibali hicho huombwa kwa fomu ile ile ya daktari.

Ninanyonyesha mtoto wa miezi mitano. Nimeambiwa MRI yangu itakuwa na dawa ya kuchomwa kwenye mshipa. Nimwachishe ziwa? — Mama, Dodoma

Usimwachishe, mama. Dawa hiyo ina madini ya gadolini na kazi yake ni kuzifanya sehemu zenye uvimbe, maambukizi au damu nyingi zing'ae kwenye picha. Kiasi kinachoingia kwenye maziwa hakifiki hata asilimia 0.04 ya dozi uliyopewa, na katika hicho kidogo, kinachofyonzwa na tumbo la mtoto ni kidogo zaidi. Endelea kunyonyesha kama kawaida. Ukiwa na wasiwasi hata hivyo, kamua maziwa siku moja kabla na umpe hayo kwa saa 24.

Wanaotakiwa kusema mapema ni wenye ugonjwa wa figo, hasa wanaosafishwa damu, kwa sababu tangu mwaka 2006 imejulikana kwamba baadhi ya aina za zamani za dawa hii zinaweza kuwakakamaza ngozi na viungo. Atakayeonekana kuwa na hatari hiyo hupimwa damu kwanza na kupewa aina iliyo salama zaidi, au dawa ikaachwa kabisa. Wajawazito hawapewi ila kwa sababu nzito sana.

Niko Leicester, Uingereza. Nimeona tangazo la MRI ya mwili mzima, bila barua ya daktari, kwa ajili ya kugundua magonjwa mapema. Sina dalili yoyote. Unashauri? — Msomaji wa ughaibuni

Sishauri. Mwaka 2023 chuo cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani kilitamka kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kupendekeza kipimo hicho kwa watu wasio na dalili. Kinachotokea mara nyingi ni kukutwa kwa uvimbe mdogo wa maji kwenye figo au doa kwenye ini, vitu ambavyo ungezikwa navyo ukiwa mzee bila kuvijua, na kuanzia hapo ni kipimo juu ya kipimo. Kwa pesa hiyo hiyo pima presha na sukari kila mwaka, na barua za NHS, huduma ya afya ya taifa ya huko Uingereza, za uchunguzi wa saratani zikifika usizitupe.

Hali ni tofauti kwa mwenye dalili ambaye daktari amekwisha kumwandikia kipimo na foleni imempita lengo la wiki sita ambalo NHS imejiwekea. Huyo kulipia kwake kuna maana, mradi kwanza ahakikishe kwamba daktari wake atakubali kuzitumia picha za nje.

Nimepewa ripoti ya kurasa mbili za Kiingereza kigumu. Nimetafuta maneno yake kwenye intaneti na sasa naona nimekwisha. Kwa nini hamtuandikii kwa lugha tunayoielewa? — Mstaafu, Moshi

Lawama hiyo naipokea, mzee wangu. Ripoti huandikwa kwa ajili ya daktari mwenzetu, na hatujawa na mazoea ya kuambatanisha aya moja ya Kiswahili kwa mwenye mwili wake, jambo ambalo lisingetugharimu chochote.

Kwa sasa, anza kusoma mwishoni. Sehemu ya kwanza hutaja kila kilichoonekana, kikubwa na kidogo, pamoja na mabadiliko ya umri ambayo kwa mtu wa miaka yako kutokuwapo ndiko kungeshangaza. Mistari michache ya mwisho ndiyo hitimisho, na ndiyo anayoishughulikia daktari wako. Unapokwenda kwake, usimuulize maana ya kila neno. Muulize ni kipi kati ya hayo kinacholingana na upande na mguu unaoulalamikia, na kama ripoti isingeonyesha kitu hicho matibabu yako yangekuwa tofauti namna gani. Asipoweza kujibu la pili, una haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine, na huyo atahitaji picha zenyewe, si ripoti tu.

Hapo ndipo wengi hukwama. Filamu kubwa nyeusi zinazotundikwa kwenye msumari sebuleni hugandana kwa joto na unyevu, na zinabeba sehemu tu ya picha mamia zilizopigwa. CD ndiyo yenye zote. Mwaka jana mgonjwa alisafiri usiku kucha kuniletea yake, nikaiweka kwenye kompyuta mbele ya macho yake, na haikuwa na kitu ndani. Kituo alichopimwa kilikuwa kimekwisha kuzifuta picha zake, tukaanza upya. Kwa hiyo CD yako, mzee, mwombe mhudumu aifungue ukiwa umesimama hapo hapo dirishani, uone jina lako na mgongo wako kwenye kioo cha kompyuta, ndipo usaini kwamba umepokea.